Injini ya boti imechoka: uifumue au ununue nyingine? Mwongozo kamili kwa wenye boti wa Mtwara na Lindi

Swali hili linarudi kila mwaka kusi likianza kupoa, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa Kivinje. Mashine imezeeka, haivuti tena. Fundi anasema ifumuliwe, jirani anasema uza hiyo ukanunue mpya, na wote wawili wameshaamua kabla hawajapima chochote. Mwongozo huu ni wa tajiri wa boti au nahodha anayetaka kuamua kwa vipimo, maana ukikosea unalipa mara mbili. Kwanza unalipa fedha. Halafu kuna roho za watu: mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi likivuma unazidi nguvu, kwa hiyo boti iliyozimikiwa na mashine nje ya Songo Songo haiji nyumbani yenyewe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kinachoamua si umri wa injini, wala si bei ya spea peke yake. Ni hali ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyosema injini ikifumuliwa itaishi miaka mingapi. Vingine karibu vyote vinabadilishika.

Hatua ya 1: Jua una injini ya ukoo gani

Kwenye fukwe zetu kuna koo mbili kubwa, na hazifai kuhukumiwa kwa kanuni moja.

Ya kwanza ni dizeli ya silinda moja inayokaa ndani ya mashua ya mbao, ile tunayoiita ya Mchina. Chukua S195: namba yenyewe inakuambia ni silinda moja yenye kipenyo cha milimita 95, na inatoa takriban HP 12. Bloku yake ni chuma cha kusubu, na silinda yake ni slivu inayochomolewa na kuwekwa nyingine. Injini ya namna hii imetengenezwa ifumuliwe. Kama bloku haijapasuka na krenki haijapinda, mara nyingi jibu ni kufumua, na hatua nyingi zinazofuata utazipita haraka.

Ya pili ni mashine ya petroli inayofungwa nyuma ya boti, kama Yamaha Enduro ya HP 40 inayochanganywa petroli na oili. Bloku yake ni aluminiamu, na chumvi inaila kutoka ndani ambako huoni. Hapa ndipo watu wanapoteza fedha, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 2: Ondoa magonjwa madogo kwanza

Boti kukosa nguvu si lazima injini iwe imekufa. Kabla ya mtu yeyote kugusa boliti ya hedi, yaani kifuniko cha juu ya silinda, fanya haya.

Ipandishe boti pwani uangalie chini. Tumbo lililoota magamba na majani ya bahari linaweza kukuibia mwendo kiasi cha kukufanya uilaumu mashine. Boti ya faiba iliyoingiwa maji katikati ya kuta zake inakuwa nzito vilevile. Tazama propela: makali yaliyoliwa na mchanga au kupindwa na mwamba hayashiki maji.

Mimina petroli ya tenki kwenye chupa angavu, iache itulie. Maji hukaa chini, utayaona kwa mstari. Mafuta ya kwenye madumu yana mambo mengi. Safisha kabureta, badili plagi na filta ya mafuta.

Angalia mashine inavyokojoa, yaani yale maji ya kupozea yanayotoka nyuma. Yakitoka kwa unyonge, badili impela ya pampu ya maji kwanza, maana ni mpira tu na hauzidi msimu au miwili ukiwa salama. Mashine nyingi zilizonoki zilianza na impela ambayo hakuna aliyejali kuibadilisha.

Halafu fungua propela utazame shingo ya shafti. Mara nyingi utakuta uzi wa nailoni umejizungusha hapo, umebanwa na joto mpaka umekuwa pete ngumu. Uzi huo hukata sili, maji ya bahari yakaingia kwenye giaboksi, na oili ya gia ikatoka nyeupe mithili ya maziwa. Sili ikibadilishwa mapema ni kazi ndogo. Ikiachwa, gia na beringi zinaoza, na gharama hiyo utaidhania ni ya injini nzima.

Kama baada ya haya yote bado haivuti, endelea.

Hatua ya 3: Pima kompresheni

Kompresheni ni mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hiki ndicho kipimo cha thamani kuliko vyote, na fundi asiyekuwa na geji yake usimpe kazi ya kufumua mashine. Iwashe mashine ipate joto, izime. Chomoa plagi zote, usiache moja. Chomoa klipu ya kuzimia au unganisha nyaya za plagi na bodi ili cheche zisitoke. Fungua akseli yote, funga geji kwenye tundu la plagi, kisha vuta kamba kwa nguvu ile ile mara kadhaa mpaka mshale usipande tena. Andika namba. Rudia kwa kila silinda, kisha rudia zote tena.

Kwenye mashine nyingi za petroli za kuchanganya oili, namba nzuri huwa kati ya psi 90 na 130. Lakini cha kutazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote zikiwa 105 kwa 100, injini hiyo imechoka kwa usawa na bado inaweza kukutumikia. Moja ikiwa 110 na nyingine 80, kuna kitu kimevunjika, kimekwaruzwa au kimeungua. Tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15, usiendelee kwenda nayo mbali.

Silinda iliyo chini itie oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda, ringi au ukuta wa silinda ndio tatizo. Isipopanda, shuku gasketi ya hedi, au tundu kwenye pistoni. Kwenye injini yenye valvu, zishuku na valvu.

Kwa dizeli ya silinda moja hata geji si lazima kwa kuanzia. Acha kile kishikio cha kupunguza kompresheni, zungusha flaiwili taratibu kwa mkono. Injini nzima hukugomea, halafu hukurudishia flaiwili nyuma. Ikikuachia kirahisi huku ukisikia upepo unapuliza, hiyo inavujisha. Kisha iwashe, fungua kifuniko cha oili: moshi ukipuliza kwa kishindo kutoka humo, ringi na slivu vimekwisha.

Hatua ya 4: Soma moshi na oili

Kwenye dizeli, moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na sababu yake huwa filta chafu, nozeli mbovu, au propela kubwa kuliko uwezo wa injini. Mweupe unaodumu hata injini ikishapata moto ni maji, au dizeli isiyoungua. Mashine ya kuchanganya oili inatoa moshi wa bluu kwa kawaida yake, kwa hiyo usiihukumu kwa hilo.

Oili ya dizeli ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye injini za aina ya S195 mlango wake mara nyingi ni zile pete za mpira chini ya slivu. Kuna tabia moja inayoziharakisha kufa: injini inayopozwa kwa maji yanayochemka kwenye tenki lake la juu inaongezewa maji ya bahari kila yakipungua. Maji yanaondoka kama mvuke, chumvi inabaki. Baada ya msimu utakuta ukoko mgumu umeizunguka slivu, na injini inapata moto hata maji yakiwa yamejaa. Tembea na dumu la maji baridi ya kisima.

Hatua ya 5: Fungua hedi, uwepo wewe mwenyewe

Hapa ndipo uamuzi unapozaliwa. Usimwachie fundi aifumue injini yote kwa siku moja ukija ukute imo ndani ya beseni. Kubalianeni kwamba anafungua hedi tu, mnatazama pamoja, ndipo mnaongea.

Anza na boliti. Kwenye mashine ya aluminiamu, tazama unga mweupe uliojitokeza kandokando ya vichwa vya boliti. Boliti zikitoka kwa kulia na kuacha unga, bado kuna tumaini. Zikikatika tatu au nne zikabaki ndani ya bloku, jua aluminiamu na chuma vimeshaoana kwa chumvi. Kila kipande kitatobolewa na kutengenezewa uzi mpya, na kila tundu linaweza kuharibika zaidi.

Ondoa gasketi, futa uso wa bloku, chukua tochi. Tazama njia za maji zinazozunguka silinda. Chumvi nyeupe inayobanduka kwa bisibisi si tatizo. Tatizo ni mashimo: aluminiamu iliyoliwa mpaka ukingo kati ya njia ya maji na silinda umebaki mwembamba au umekatika. Gasketi mpya haitapata pa kukaa. Wapo wanaoziba kwa gundi ya chuma, na nimeona boti zikitembea hivyo. Mimi siwezi kumshauri mtu apande boti hiyo na watu sita kwenda kulala baharini. Bloku iliyofikia hapo, safari yake imeisha, hata kama pistoni zinang'aa.

Kisha pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda, kutoka juu kwenda chini. Mistari unayoiona lakini ukucha hauikamati si kitu. Mfereji unaokamata ukucha unataka silinda ichongwe na kuwekewa pistoni ya ovasaizi. Na hapo uliza swali ambalo wengi hawaulizi:

"Tajiri, hii inataka ovasaizi."

"Ya ngapi, fundi? Iliyomo ni saizi gani?"

Pistoni nyingi huandikwa kichwani. Saizi zinazopatikana kwa kawaida ni milimita 0.25 na 0.50 juu ya ile ya kiwandani. Kama iliyomo ni ya kiwandani, una nafasi. Kama tayari ni 0.50, ukuta ulishachongwa hadi mwisho, na kilichobaki ni kuweka slivu, kazi inayotaka karakana ya uhakika.

Mwisho ni krenki. Shika koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), ivute juu na chini. Isogee kidogo kwenda pembeni, sawa, lakini ikicheza juu na chini beringi zimekwisha. Zungusha krenki kwa mkono, sikiliza kama inakwaruza. Mashine iliyowahi kuzama ikaachwa siku mbili tatu bila kuoshwa kwa maji baridi na kutiwa oili, beringi zake huwa na kutu hata kama ilikuja ikawaka. Krenki nzima kwenye mashine ya nyuma ni kati ya spea ghali kuliko zote, na ikihitajika pamoja na pistoni na kuchonga, hesabu hubadilika mara moja.

Hatua ya 6: Tafuta spea kabla ya kufungua zaidi

Andika modeli yote kama ilivyo kwenye kibati, pamoja na herufi zake, na namba ya injini. Ipige picha. Herufi moja ikipotea unaletewa pistoni isiyoingia. Kisha piga simu Mtwara mjini, Lindi na Dar es Salaam, uulize kila kitu kilichomo kwenye orodha, si pistoni peke yake: ringi, pini, beringi, seti nzima ya gasketi, sili. Kitu kimoja kidogo kikikosekana, boti inalala.

Sehemu kubwa ya spea inatoka Dar, na barabara ni moja. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata kule Somanga, mizigo ya kusini ilikwama. Kama unapanga kufumua, agiza spea kabla ya masika ili kazi ifanyike kusi linapochafua bahari, siku ambazo boti ingekaa pwani hata hivyo. Wa dagaa, panga kazi ndogo ziangukie mbalamwezi.

Kuhusu spea feki, linganisha ringi mpya na ya zamani mkononi: uzito, unene, maandishi. Ringi isiyo na alama yoyote, kwenye boksi lenye maandishi yaliyofifia, kwa nusu ya bei ya wengine, iache dukani.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya mwaka

Wengi wanalinganisha milioni 3 na milioni 9 wakachagua 3. Linganisha gharama ya kila mwaka wa kazi. Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka zako.

Tuseme kufumua: spea 2,100,000, kuchonga na ufundi 700,000, usafiri na simu 200,000. Jumla 3,000,000. Ongeza asilimia 20 ya dharura, kwa sababu injini ikifunguliwa haikosi jambo jipya: 3,600,000. Bloku ni ya wastani, fundi mkweli anakupa miaka 3. Hiyo ni 1,200,000 kwa mwaka.

Mashine mpya 9,000,000. Unauza gofu la zamani kwa 800,000, na baada ya miaka 8 utaiuza mpya hiyo kwa 1,400,000. Inabaki 6,800,000, gawanya kwa 8: 850,000 kwa mwaka. Mpya imeshinda.

Sasa badili kitu kimoja. Bloku ni safi, haijawahi kuchongwa, na fundi anaona miaka 5. Kufumua kunashuka hadi 720,000 kwa mwaka, kumeshinda. Au fedha ya mashine mpya ni mkopo wenye riba ya jumla 2,400,000: mpya inapanda hadi 1,150,000, karibu sawa na kufumua kwa miaka 3, na hapo marejesho ya kila mwezi wakati wa kusi boti isipotoka yanaweza kukunyang'anya vyote viwili.

Umeona miaka ndiyo inayogeuza jibu, na miaka hiyo umeisoma kwenye bloku katika hatua ya 5. Ndiyo maana nasisitiza uwepo mwenyewe na tochi.

Ongeza siku za kukaa pwani. Piga wastani wa faida ya siku moja baada ya mafuta na mgawo wa mabaharia, zidisha kwa siku ambazo kila njia itakulaza. Kwangu mpaka ni huu: kufumua mashine ya nyuma kukizidi nusu ya bei ya mpya, sifumui, labda bloku iwe nzuri kweli na fedha nyingine haipo. Kwa dizeli ya ndani mpaka huo hauna maana kubwa, kwa sababu slivu, pistoni na ringi zake mara chache hufika hata robo ya bei ya injini nzima.

Hatua ya 8: Kama unanunua

Pima ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma ya boti unaofungwa mashine, kabla ya kwenda dukani, kutoka juu ulipokaa mshiko wa mashine hadi chini kabisa. Mguu mfupi ni wa ubao wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20. Ukikosea, mashine itanyonya hewa au itaburuza maji. Mashine mpya ya kutumia oili kwenye sampu yake (bakuli la oili ndani ya injini) huwa nzito kuliko ya kuchanganya ya nguvu ile ile, kwa hiyo mwite fundi seremala aangalie kama ubao wa tezi haujaoza kwenye matundu ya boliti. Usiongeze HP kwa sababu tu imepatikana. Ukibadilisha nguvu ya injini, wajulishe TASAC wanaokagua chombo chako. Muulize pia afisa uvuvi kuhusu nafuu ya kodi kwa zana za uvuvi kabla hujalipa.

Mtumba? Unakubalika, lakini vipimo vyote vya hatua ya 2 hadi 4 vifanyike mbele yako, ndani ya maji, si kwenye pipa kwa dakika mbili. Rangi mpya kwenye mguu wa mashine ya zamani ni sababu ya kutazama kwa makini. Namba ya injini iliyokwanguliwa ni sababu ya kuondoka. Andikishianeni mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, maana mashine zinaibwa, na anayekutwa nayo ndiye anayeulizwa.

Hatua ya 9: Kama unafumua

Kubalianeni bei kwa maandishi, spea zipokelewe na wewe, na za zamani urudishiwe zote. Silinda ichongwe baada ya pistoni mpya kufika, ili ipimwe kwa pistoni hiyo hiyo. Njia za maji zisafishwe hadi mwisho, impela na thamostati ziwe mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima, zinki, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya bodi ya mashine, zibadilishwe. Boliti za hedi zikazwe kwa spana yenye kipimo na kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Mwisho pima kompresheni tena, andika namba na tarehe ndani ya kifuniko cha mashine kwa kalamu isiyofutika.

Kisha izoeshe. Mashine ya kuchanganya oili iliyofumuliwa, au mpya, kwa saa 10 za mwanzo weka oili mara mbili: mililita 800 kwa dumu la lita 20, badala ya 400. Dakika 10 za kwanza iache mwendo wa chini kabisa. Saa ya kwanza usivuke nusu ya akseli. Saa ya pili unaweza kufika robo tatu, ukibadilisha mwendo mara kwa mara. Zilizobaki, usiikamue hadi mwisho kwa zaidi ya dakika 5 mfululizo. Fanya saa hizo ndani ya ghuba, Mikindani au mbele ya Kitunda, wala usiende nayo kilindini siku ya kwanza. Dizeli nayo usiitwishe mzigo kamili mwanzoni, na mwaga oili ya kwanza mapema, kwa sababu vumbi la chuma la ringi mpya limo humo. Kila ukirudi, pitisha maji baridi kwenye mashine ya nyuma kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuipandisha.